Koti la Studio Lilivyonipeleka Ofisi ya Bima

Kwanza mnijibu: kuna mtu kati yenu aliyewahi kuvuliwa koti na mpiga picha mbele ya wazee zaidi ya thelathini, mchana kweupe, ndani ya ofisi ya serikali, Homa Bay mjini? Hakuna. Basi nyamazeni niwasimulie, kwa sababu mimi nilivuliwa, tena sikuvuliwa na mwizi wala askari, nilivuliwa na Odero wa Picha, mtu ninayemjua kwa jina na kwa sura, na kosa lilikuwa langu kuanzia kichwani mpaka kwenye kiatu. Aibu hii niliificha (nilidhani nimeificha, kumbe mpaka Karungu wavuvi wanaisimulia wakitandaza dagaa), na leo naitoa mwenyewe kabla hamjaletewa ile iliyotiwa chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ambayo sisi wa Migori tulikuwa tumepewa wilaya yetu juzi juzi tu na kila mtu anatembea kifua mbele, lakini faili za wastaafu zilikuwa bado zimelala Homa Bay, hazina habari kwamba tumekuwa watu wakubwa. Mimi nilikuwa nimestaafu kutoka idara ya mifugo, nilikosimamia josho la ng'ombe pale Uriri kwa miaka mingi mpaka watu wakaniita Daktari (nilichoua mimi ni kupe tu, lakini jina likishika limeshika). Sasa, ukiwa kazini bima ya hospitali haikuumizi kichwa, inakatwa yenyewe kwenye mshahara. Ukistaafu, kadi unaihangaikia mwenyewe, na kila mwaka kabla haijafa unatakiwa uende wewe, siyo mtoto wako, siyo jirani, na kadi ya zamani, kitambulisho, barua ya kustaafu na picha mpya, waone kwa macho yao kwamba uso ungalipo na pumzi zimo.

Miaka mingine nilikuwa naenda kwa uvivu. Mwaka ule nilikuwa na moto, na sababu ni mke wangu.

Min Akinyi (ndivyo ninavyomwita, mama wa Akinyi, mtoto wetu wa kwanza, naye huniita Wuon Akinyi, baba wa Akinyi) alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kwa kulalamika kwamba taa inatoa moshi. Taa ilikuwa haitoi moshi. Halafu siku moja alikuwa ananipigia pasi ile ya makaa, ananyoosha shati langu jeupe la kanisani, akaiweka pasi mgongoni mwa shati akageuka kutafuta maji ya kunyunyizia, akapapasa, akapapasa, na alipoyapata maji shati lilikuwa limeshapata dirisha la ukubwa wa pasi yenyewe. Alilia kama mtu aliyefiwa. Mimi nilimwambia shati ni shati tu. Yeye hakutaka kusikia, akatafuta kitambaa cheupe kwenye sanduku kwa kukigusa kwa vidole, akatunga uzi kwenye sindano kwa ulimi na subira, akashona kiraka kimoja kikubwa, mshono umebana kuliko wa fundi cherehani. Akanivalisha. Akanipapasa mgongo. "Imekaa vizuri?" Nikajitazama kwenye kioo cha kabati kwa kugeuza shingo. Kitambaa alichochukua kilikuwa mfuko wa unga wa msaada tuliogawiwa kanisani mwaka wa njaa, na maandishi yake ya buluu yalikuwa yamekaa sawasawa katikati ya mabega yangu, herufi kubwa: ZAWADI. SI YA KUUZWA.

Ningesema nini? Nilimwambia, "Imekaa vizuri sana, Min Akinyi." Na tangu siku hiyo shati lile nililivaa, lakini juu yake koti langu la kahawia halikutoka, jua liwake lisiwake.

Ndipo ikaja habari njema. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya misheni kwa wiki moja tu, kama walivyokuwa wakija mara moja kwa mwaka, na jina la Min Akinyi likaandikwa. Muuguzi akaniambia maneno mawili: mlete Jumatatu, na kadi ya bima iwe hai. Kadi yangu ilikuwa inakufa Ijumaa ile ile iliyotangulia, na ikishakufa siyo kufufua tena, unaanza upya kama mtu mgeni, unangoja miezi ndipo ianze kufanya kazi. Na madaktari hawangojei mtu, wakiondoka wameondoka hadi mwaka mwingine, na mwaka mwingine yeye angekuwa ananitambua kwa kikohozi tu.

Mtauliza kwa nini nilingoja mpaka Ijumaa. Barua ya kustaafu ilikuwa imepotea, ikaonekana Alhamisi jioni ndani ya Biblia, kwenye Ayubu. Basi Ijumaa asubuhi niliondoka Uriri nikaenda kwanza Migori kupiga picha, kwa sababu Odero wa Picha ndiye aliyekuwa na ile kamera inayotema picha papo hapo, halafu nigeuze nirudi kaskazini hadi Homa Bay, na niwe nyumbani kabla jua halijazama kwa maana sisi ni Wasabato na Sabato ikiingia imeingia. Nilikuwa nimesisimka kama bwana arusi! Kadi ya zamani, kitambulisho, barua ya kustaafu, vyote nilivitia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, nikavifunga kwa pini, nikavigusa kila baada ya hatua tano.

Wale mliopiga picha kwa Odero mnalijua koti la studio. Wengine niwaeleze. Mtu anayetaka picha ya kitambulisho au ya fomu anataka aonekane mtu, na siyo kila mtu ana koti la kuonekana nalo, kwa hiyo studio huwa na koti moja la wote, limetundikwa kwenye msumari karibu na kioo. La Odero lilikuwa jeusi, kola imelala, vifungo vinang'aa kama macho ya mbuzi. Odero akanitazama mimi, akatazama koti langu la kahawia lililochakaa viwiko, akacheka.

"Daktari, na hiyo unataka kuenda ofisi? Toa. Vaa hii."

Nikatoa langu, nikalitundika kwenye msumari, nikavaa lake. Akazunguka nyuma yangu, nikasikia ananipapasa papasa mgongoni, nikadhani ananipangusa vumbi, nikamwambia ahsante. Akapiga. Kamera ikatema. Akaenda chumba cha nyuma kukata picha kwa mkasi, akaniletea zikiwa kwenye bahasha, kisha akarudi tena nyuma kwa sababu mteja mwingine alikuwa anamwita mlangoni kule.

Nikabaki peke yangu na kioo.

Jamani. Niliyemwona kwenye kile kioo hakuwa msimamizi wa josho. Alikuwa bwana mkubwa fulani, anayeitwa kwa simu. Nikakumbuka mwaka uliopita pale ofisi ya bima, nilivyoambiwa "mzee, ngojea hapo nje kidogo," na mwingine aliyekuja nyuma yangu na koti la maana akaambiwa "karibu ndani." Na wakati huo huo nje gari la Homa Bay likapiga honi, utingo anaita mmoja, mmoja, bado mmoja! Sasa mkitaka ukweli wenyewe, ule ninaomwambia Mungu tu: sikusahau. Nilisahau nusu. Nusu nyingine ilisema, "Nitalirudisha jioni nikipita, na langu si nimemwachia hapo msumarini kama dhamana? Koti kwa koti." Nikapaaza sauti, "Odero, narudi saa hii!" nikatoka mbio.

Koti kwa koti! Na vilivyokuwa ndani ya mfuko wa langu je? Akili ilikuwa imebaki kwenye kioo.

Gari lilipita Uriri, nyumbani kwangu kabisa, likashusha mtu, nami nikatoa kichwa na kola nje ya dirisha nikawapungia wote waliokuwa stendi. Walinipungia. Nikafurahi zaidi.

Homa Bay nikashuka saa sita na kitu. Nikatembea kwa miguu kutoka stendi hadi ofisini ingawa waendesha baiskeli walinililia nipande, kwa maana nilitaka nionekane. Nikaonekana! Mama wa samaki aliniangalia akamgusa mwenzake, mwenzake akageuka. Nikasema moyoni, koti hili lina heshima. Vijana wawili wakanifuata nyuma hatua chache wakicheka chini chini, nikasema hawa watakuwa walisoma na Akinyi.

Ofisini, wastaafu walijaa mabenchi manne. Utaratibu wao ulikuwa huu: unakaa mwisho wa benchi la nyuma, wa mbele akiitwa dirishani wote mnasogeza makalio nafasi moja, na ukifika mwisho wa benchi unahamia la mbele yake. Kwa hiyo kila mtu anatazama migongo ya wenzake mchana kutwa. Ubavuni mwangu alikaa mzee mmoja anaitwa Okumu, alikuwa idara ya samaki huko Karungu, mtu mpole anayeongea polepole. Nilipokaa tu nikasikia kitu kimedondoka, tak. Nikainama nikaokota. Kibanio cha nguo, kile cha kuanikia kwenye kamba.

"Nani ameangusha kibanio?" nikauliza kwa sauti. Okumu akafungua mdomo, akaufunga. Nikakiweka kwenye ubao wa dirisha, kwa ukarimu wangu.

Sasa ule msisimko niliokuwa nao haukunikalisha. Niliona wazee wanavurugana kwenye foleni, mmoja hana picha, mwingine ameleta kitambulisho cha mkewe, mwingine ana barua imeliwa na mchwa, na karani, dada mmoja mwembamba aliyeitwa Bi. Anyango, anawarudisha mmoja mmoja. Nikasimama! Hakuna aliyeniomba. Nikasimama mbele ya benchi la kwanza nikaanza kuwahutubia.

"Wenzangu wastaafu," nikasema, "shida yetu ni kutojitayarisha. Mtu anatoka nyumbani hajui amebeba nini. Kila kitu kinatakiwa kiwe mahali pake. Mimi hapa, kadi yangu, kitambulisho changu, barua yangu, vyote viko," nikajipiga kifuani, "hapa!"

Nilipojipiga kifuani nikasikia tena tak, nyuma. Nikageuka kumtazama Bi. Anyango dirishani ili aone anavyosaidiwa, na kwa kugeuka huko nikawapa benchi zote nne mgongo. Halafu kikatoka kicheko, siyo cha mtu mmoja, cha ofisi nzima, wazee wanapiga mapaja, mwingine anapangusa machozi na kofia. Mimi nikadhani hotuba imewakolea. Nikainamisha kichwa kidogo, kushukuru! Nyani haoni kundule, waliosema hivyo walikuwa wananitafuta mimi.

Okumu ndiye aliyenihurumia. Nilipokaa akaniinamia sikioni, akaniwekea vibanio viwili mkononi.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "koti yako imepasuka nyuma. Kutoka kola mpaka chini."

"Haiwezekani. Hili ni koti la..."

Nikapeleka mkono mgongoni. Mkono ukapita. Ukapita ndani kabisa ukagusa mshono wa Min Akinyi.

Kumbe ndivyo makoti ya studio yalivyo! Odero alikuwa amelifumua mshono wa mgongo, akaacha kola tu ishikilie, ili wanene waingie na wembamba wabanwe kwa vibanio, na mbele kwenye picha kila mtu atoke mheshimiwa. Nilikuwa nimetembea Homa Bay nzima nimefunguka nyuma kama pazia, na katikati ya pazia watu wanasoma.

"Na ile imeandikwa," Okumu akaongeza kwa upole uleule, "ni ya kanisa gani?"

Badala ya kumjibu nikajishika koti kwa nyuma, tukasogea nafasi kwa nafasi mpaka saa tisa ikapita, ndipo Bi. Anyango akaniita. Nikaenda dirishani kinyumenyume (ndiyo, nilitembea kinyumenyume, mzee mzima, nimeegemeza mgongo ukutani mpaka nikafika), nikajigeuza upande, nikatoa bahasha ya picha. Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akafungua droo akatoa fomu za watu wa Migori za wiki ile, akazipanga juu ya meza moja moja. Wazee sita. Sura sita. Koti moja.

"Mzee, hii koti tunajuana nayo," akasema. "Jumatatu ilikuja, Jumanne ikakuja mara mbili, jana mara tatu. Lakini leo imekuja yenyewe."

Walicheka mpaka mlinzi akaingia kuona kuna nini.

"Sawa, mzee. Leta kadi ya zamani, ID na barua ya kuretire tukurenew haraka, tunafunga saa kumi na nusu."

Nikaingiza mkono mfuko wa ndani. Hakukuwa na mfuko wa ndani, kulikuwa na mahali ulipokuwa. Nikaingiza mfuko wa kulia, nikatoa kitana. Wa kushoto, nikatoa sponji ya poda na ua la plastiki la bwana arusi. Nikaviweka vyote kwenye ubao wa dirisha, kimoja kimoja, karibu na kile kibanio, nikavitazama, na hapo ndipo nilipoliona koti langu la kahawia, nikaliona kabisa kwa macho ya moyo, limening'inia Migori kwenye msumari, na macho ya mke wangu yamo ndani yamefungwa kwa pini.

Sitasema uongo, kicheko chao hakikuniuma tena hata kidogo, niliona tu Jumatatu inakuja na Min Akinyi amevaa gauni lake la buluu anauliza, "Tumefika?" na muuguzi anatikisa kichwa, na yeye haoni kwamba kimetikiswa.

"Viko Migori," nikamwambia Bi. Anyango.

Akatazama saa ukutani. Saa tisa na nusu. Kwenda na kurudi Migori ilikuwa haiwezekani hata kwa ndege. "Mzee, leo ndiyo mwisho," akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Ikipita leo, naanza kukuandika upya. Utangoja kama wengine."

Nikakaa mwisho wa benchi. Okumu akanipa nafasi. Nikaomba, midomo imefungwa, na ombi langu halikuwa na maneno mazuri. Dakika zikapita, nyingi.

Ndipo nikasikia huko nje breki ya baiskeli ya stendi na sauti ninayoijua.

"Yuko wapi? Yuko wapi huyo mzee ametoroka na koti yangu?"

Odero! Aliingia anahema, jasho linamtiririka, na mkononi amekunja koti langu la kahawia kama mtoto aliyelala. Wazee walipomwona wakashangilia, kwa sababu nusu ya ofisi ile ilikuwa imeshapigwa picha naye. Yeye hakutazama mtu. Akanijia moja kwa moja.

"Daktari! Watu kumi na moja wamekataa picha! Wote wanasema bila koti hawawezi, wanataka ile nyeusi. Nimewapea hii yako wavae, wamesema hii ni ya kuenda shamba! Nimefunga studio, unasikia? Ijumaa! Nimefunga! Toa!"

Nami nikamkumbatia. Sikuweza kujizuia, nilimkumbatia kwa nguvu zote, naye huku ananisukuma huku ananivua, anavuta mkono mmoja, anavuta wa pili, kola ikaachia, na koti lake likamrudia mikononi. Nikabaki katikati ya ofisi ya bima ya Homa Bay na shati langu jeupe, mgongo wote nje, na safari hii pazia halikuwepo tena. Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akasoma kwa sauti, kwa utaratibu, kama anasoma tangazo: "Zawadi. Si ya kuuzwa."

Hata mlinzi alikaa chini.

Mimi nilikuwa nimeshampokonya koti langu na kuing'oa ile pini kwa meno. Kadi, ipo! Kitambulisho, kipo! Barua, ipo, na harufu ya Biblia! Nikakimbilia dirishani navyo, lakini kulikuwa na watu watano mbele yangu na saa ilikuwa inakimbilia saa kumi na nusu. Bi. Anyango akaniuliza, labda ili anitulize, "Mzee, na hii shati ni ya nini?"

Nikajibu bila kufikiri. "Ameshona mke wangu. Haoni. Ameshona kwa vidole, hajui kimeandikwa nini, na mimi sikumwambia. Jumatatu anapasuliwa macho, ndiyo nimekuja."

Kicheko kikakatika. Sikumbuki nani alianza, nadhani ni Okumu, alisema tu, "Wacha apite," na wale watano mbele yangu, mmoja ana fimbo, wakasogea kando. Bi. Anyango akaandika, akabandika picha, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kitana kikaruka. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama binti, "Sasa baba, vaa koti yako."

Nikarudi Uriri jua likiwa limebakiza shibri moja. Nikamwambia Min Akinyi kadi iko hai. Akaniuliza safari ilikuwaje. Nikasema nzuri.

Jumatatu wakampokea, Jumanne wakampasua, Jumatano asubuhi nikawa wodini. Palikuwa na joto, koti nimelivua nikalitundika kwenye kitanda, nikawa nimesimama dirishani nammiminia uji kutoka kwenye chupa, nimempa mgongo, sikusikia hata muuguzi alipokuja kumfungua bendeji. Nilisikia tu kitanda kimelia.

"Wuon Akinyi."

"Naam."

"Usigeuke."

Sikugeuka. Nikamsikia anavuta pumzi. Halafu polepole, silabi kwa silabi, vile alivyokuwa akisoma Maandiko kanisani, akaanza: "Za-wa-di. Si... ya... ku-u-zwa."

Ndugu zangu, maneno yaleyale! Yaliyonivua heshima mbele ya mabenchi manne, sasa yananiingia mgongoni kutoka kwenye mdomo wa mtu ambaye wiki iliyotangulia hakuweza kuona mlango. Uji ulimwagika. Nililia, sioni haya kusema nililia.

"Nani alikushonea takataka hii?" akauliza.

"Mwanamke fulani wa Uriri."

Kisha nikasikia kicheko kinamtoka kama maji yaliyokuwa yamezibwa, muuguzi anamkataza, macho, mama, macho! "Na ulitembea nayo?"

"Mpaka Homa Bay," nikasema, na hapo ndipo nilipomwambia yote, koti, vibanio, hotuba, ua la plastiki, yote.

Alitaka kukifumua kiraka kile siku tuliyofika nyumbani. Nilimkatalia, kipo mpaka leo. Lakini nimeapa: koti la mtu mwingine sivai, hata nikiitwa na rais, na nikivua langu hata kwa kuoga natoa kwanza vitu mfukoni. Mwaka uliofuata, kadi ilipokaribia kufa tena, Min Akinyi alisema tunaenda wote, karatasi zote akazitia kwenye pochi yake mwenyewe. Kwa Odero nilipiga picha na shati tupu. Odero akaleta lile koti jeusi, nikamwambia alirudishe msumarini, nikaanza kugeuza shingo nijikague mgongo, naye Min Akinyi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaninyoosha kola akaniambia nitazame mbele tu, nyuma anaona yeye.